Mboga Mbichi na Mboga za Kopo: Ipi Yenye Lishe Zaidi?

Mji wa Tunduma, uliopo mpakani mwa Tanzania na Zambia, ni mahali ambapo mwanafunzi wa sayansi anaweza kukiona chakula kikiwa safarini. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapo kuingia Zambia, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, huukatiza mpaka karibu na hapo. Nyanya hufika sokoni katika matenga, kabeji katika magunia, na mafungu ya mchicha, mnavu na majani ya maboga hupangwa chini juu ya turubai. Hatua chache kutoka sokoni, katika rafu za maduka, zimepangwa njegere za kopo, maharagwe ya kopo na nyanya ya kopo, bidhaa ambazo baadhi yake zimesafiri maelfu ya kilometa kabla ya kufika hapo.

Mahali kama hapo ndipo huzuka swali ambalo walimu wengi wa Biolojia na Sayansi Kimu wamekwisha kuulizwa na wanafunzi wao: je, ipi yenye lishe zaidi, mboga mbichi au mboga ya kopo? Wapo wasemao kwamba chakula cha kopo ni chakula kilichokufa, kisicho na faida yoyote mwilini. Wapo pia waonao kwamba kopo ni alama ya maendeleo, na kwamba kilichotengenezwa kiwandani hakina budi kuwa bora kuliko fungu la mchicha la shilingi chache. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zote zinatazama chombo kilichobeba mboga, na kusahau kuitazama safari ya mboga yenyewe tangu shambani hadi kinywani. Katika safari hiyo, mambo manne ndiyo huamua ni kiasi gani cha lishe kitakachobaki: muda, joto, maji na hewa.

Swali hili si la mchezo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. La kushangaza ni kwamba mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo husifiwa kwa kulisha taifa, ndiyo iliyokuwa na viwango vya juu kabisa. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, ni jirani wa Mkoa wa Rukwa, nao una ardhi yenye rutuba, mahindi, maharagwe, kahawa na mboga. Kudumaa kuna sababu nyingi, zikiwamo maradhi, uchache wa vyakula vya aina mbalimbali na malezi ya mtoto katika miezi yake ya mwanzo. Hata hivyo funzo moja liko wazi: kulima chakula kingi ni jambo moja, na kuifikisha lishe yake mwilini ni jambo jingine.

NINI KILICHOMO NDANI YA MBOGA

Sehemu kubwa ya mboga yoyote ya majani ni maji. Katika sehemu ndogo inayosalia ndimo mna virutubishi tunavyovitafuta. Kwa ajili ya mjadala wetu, yafaa tuvigawe katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni virutubishi dhaifu. Hivi huyeyuka katika maji, na baadhi yake huharibiwa upesi na joto au na hewa ya oksijeni. Mfano mkuu ni vitamini C, ambayo kwa jina la kikemia huitwa asidi ya askobiki. Mwingine ni folati, moja kati ya vitamini za kundi B, inayohitajiwa sana na mama mjamzito kwa ajili ya kujengeka kwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto aliye tumboni.

Kundi la pili ni virutubishi vigumu. Humo mna madini kama chuma na kalisi, ambayo hayawezi kuharibiwa na moto wa jikoni, ingawa yanaweza kuchukuliwa na maji yanayomwagwa. Humo pia mna nyuzinyuzi, protini, na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa ajili ya macho na kinga ya maradhi. Karotini haiyeyuki katika maji bali katika mafuta, na kwa hiyo haipotei sana katika kuchemshwa. Adui zake wakubwa ni mwanga wa jua na oksijeni.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa madini hayaharibiki, kwa nini tuhangaike na vitamini C? Jibu ni kwamba virutubishi hufanya kazi kwa kushirikiana. Chuma kilichomo katika maharagwe na majani ya mboga hufyonzwa kwa shida na utumbo wa binadamu. Vitamini C inapokuwapo katika mlo huo huo, ufyonzaji huo huongezeka. Basi mtoto anayekula ugali na maharagwe bila kitu chenye vitamini C anaweza kuwa na chuma cha kutosha katika sahani yake, na bado akakosa chuma cha kutosha katika damu yake.

MBOGA HUENDELEA KUISHI BAADA YA KUCHUMWA

Wengi hudhani kwamba jani likishachumwa hubaki jinsi lilivyo mpaka litakapooza. Sivyo. Chembe hai za jani huendelea kupumua: hutumia sukari na oksijeni, hutoa hewa ya ukaa, maji na joto. Tofauti ni kwamba sasa jani halipati tena maji kutoka mizizini, na limerundikwa pamoja na mengine mahali ambapo halitengenezi chakula cha kulitosha. Huanza kula akiba yake. Wakati huo huo vimeng'enya vilivyomo ndani yake huiunganisha vitamini C na oksijeni na kuiharibu. Kila jani linaponyauka, kuchubuka au kukatwa, kuta za chembe zake hupasuka, na vimeng'enya hukutana na vitamini kwa urahisi zaidi.

Mwenendo huo huenda mbio kadiri joto linavyozidi. Spinachi iliyowekwa katika nyuzi joto 20 za Sentigredi hupoteza karibu vitamini C yake yote kwa muda wa wiki moja. Hata ikiwekwa katika jokofu, sehemu kubwa hupotea katika muda huo huo. Njegere hupoteza polepole zaidi, na mboga zilizofungamana kama kabeji, au za mizizi kama karoti, huvumilia zaidi kuliko zile za majani mapana na mororo.

Tuitazame sasa Songwe kwa jicho hilo. Mama anayechuma mnavu alfajiri katika bustani yake huko Mbozi au Ileje, akaupika mchana, anailisha familia yake mboga iliyo karibu na ukamilifu wake. Lakini fungu kama hilo likichumwa jana, likafungwa kwa kamba, likarundikwa nyuma ya gari, likafika soko la Mlowo au la Tunduma, likaanikwa juani kutwa nzima na kuuzwa jioni, limekwisha kulipa ushuru mkubwa njiani. Mnunuzi huliita bichi, na kwa macho ni bichi kweli, hasa likinyunyiziwa maji. Maji hayo hulirudishia jani uimara wake na hupunguza kunyauka. Vitamini iliyokwisha kuharibika hayawezi kuirudisha.

KOPO LILIVYOZALIWA NA LINAVYOFANYA KAZI

Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimlipa Nicolas Appert, mtengenezaji wa vyakula vitamu, zawadi ya faranga 12,000 kwa kuvumbua njia ya kuhifadhi chakula kwa muda mrefu. Appert alikitia chakula katika chupa za kioo, akaziziba barabara kwa vizibo, kisha akazichemsha katika maji. Mwaka huo huo Mwingereza Peter Durand alipata hataza ya kutumia, pamoja na vyombo vingine, makopo ya chuma kilichopakwa bati. Appert mwenyewe hakujua kwa nini njia yake ilifaa. Ilimbidi ulimwengu usubiri hadi miaka ya 1860, Louis Pasteur alipoonyesha kwamba kuoza kwa chakula husababishwa na vijidudu, na kwamba joto huviua.

Katika kiwanda cha leo mboga hupitia hatua tatu. Kwanza huoshwa na kuchovywa katika maji ya moto au mvuke kwa dakika chache ili kuvizima vimeng'enya. Pili hutiwa katika makopo pamoja na maji, mara nyingi yenye chumvi, na makopo hufungwa yasipitishe hewa. Tatu makopo hayo hupashwa joto chini ya shinikizo la mvuke, kwa mboga nyingi hadi kufikia nyuzi 121 hivi.

Kwa nini nyuzi 121, nasi tunajua kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100? Sababu ni bakteria mmoja wa udongoni, Clostridium botulinum. Bakteria huyu hustawi mahali pasipo na oksijeni, kama vile ndani ya kopo, na hutoa sumu kali sana inayopooza misuli, hata ile ya kupumulia. Mbegu zake zinaweza kuvumilia maji yanayochemka kwa saa kadhaa, lakini haziwezi kuvumilia nyuzi 121 kwa zaidi ya dakika chache. Katika vyakula vyenye uchungu wa asidi, ambavyo kipimo chao cha pH kiko chini ya 4.6, mbegu hizo haziwezi kuota. Ndiyo maana matunda mengi huhifadhiwa kwa joto la kuchemka tu, na nyanya pia, maadamu asidi ya limau au ndimu imeongezwa kwa uhakika, kwa kuwa nyanya nyingine hukaribia mpaka huo. Maharagwe, njegere, mchicha na karoti hazimo katika kundi hilo.

Hapa mwalimu wa Fizikia wa Mkoa wa Songwe ana mfano mzuri usiopatikana pwani. Uwanda wa Mbozi na mji wa Tunduma vipo zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua kadiri tunavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, takriban nyuzi moja pungufu kwa kila meta 300. Kwa hiyo katika sufuria isiyofunikwa huko Vwawa, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Katika bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Kamsamba, ambako ardhi iko chini zaidi, maji huchemka kwa joto la juu kidogo. Ndiyo maana maharagwe hukawia kuiva uwandani na kula kuni nyingi. Na ndiyo maana mtu asijaribu kamwe kuhifadhi maharagwe au mboga za majani nyumbani kwa kuzifunga katika chupa na kuzichemsha tu katika sufuria. Jambo hilo ni la hatari popote. Penye miinuko ni la hatari zaidi.

TARAKIMU ZASEMAJE

Tukijua jinsi kopo linavyotengenezwa, tunaweza kukisia yatakayotokea. Vitamini C na folati zitapungua kwa sababu ya joto, na sehemu yake itahamia katika maji ya kopo. Madini, nyuzinyuzi, protini na karotini vitabaki kwa kiasi kikubwa. Jedwali lifuatalo, lenye tarakimu zilizokaribishwa kutoka majedwali ya vyakula ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, linaonyesha miligramu za vitamini C katika kila gramu 100 za mboga.

| Mboga | Mbichi kabisa | Iliyochemshwa nyumbani | Ya kopo, iliyochujwa maji |
|---|---|---|---|
| Njegere | 40 | 14 | 10 |
| Spinachi | 28 | 10 | 14 |
| Karoti | 6 | 4 | 3 |

Tulinganishe kwanza safu ya kwanza na ya mwisho. Njegere za kopo zimebakiwa na robo tu ya vitamini C ya njegere mbichi. Wasemao kwamba kopo hupunguza lishe wamepata ushahidi wao. Lakini ni nani miongoni mwetu alaye njegere mbichi au spinachi mbichi? Mboga zetu nyingi hupikwa. Ulinganisho wa haki ni ule wa safu ya pili na ya tatu, na hapo tofauti inakuwa ndogo mno. Sehemu kubwa ya hasara tunayoilaumu kiwandani huifanya sisi wenyewe katika sufuria zetu.

Msomaji makini ataona ajabu katika mstari wa spinachi: ya kopo imeizidi ile iliyochemshwa. Tusiharakishe kushangilia. Mboga ya majani ikipikwa na kuchujwa hupoteza maji na kusinyaa, na gramu 100 za mboga iliyosinyaa zimetoka katika majani mengi kuliko gramu 100 za majani mateke. Aina ya mbegu, udongo, umri wa jani na muda wa kupika pia hubadilisha tarakimu hizo. Jedwali hutufundisha mwelekeo wa jumla. Halituambii kila sahani ina nini.

Kwa kipimo cha kulinganishia, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani hupendekeza miligramu 45 za vitamini C kwa siku kwa mtu mzima. Ni kiasi ambacho mboga ya majani iliyopikwa kwa uangalifu, pamoja na embe, pera, papai au chungwa moja, huweza kukitimiza bila shida.

Kuna tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi kuliko zote, nayo ni ya muda. Mboga mbichi ni kama gunia lililotoboka: kila siku hupungua kidogo. Kopo ni kama gunia lililopunguzwa mara moja kwa pigo kubwa, kisha likashonwa. Baada ya kufungwa, kwa kuwa oksijeni ni kidogo ndani yake, hasara huendelea polepole sana kwa miezi mingi. Kwa hiyo mboga iliyochumwa leo hulishinda kopo. Mboga iliyokaa juani siku nne au tano yaweza kushindwa nalo.

LINALOONGEZEKA KATIKA KOPO

Joto halileti hasara tupu. Nyanya hupata wekundu wake kutokana na kitu kiitwacho likopini, kinachohusiana na karotini ingawa mwili hauwezi kukigeuza kuwa vitamini A. Likopini ni miongoni mwa vitu vinavyozuia uharibifu wa oksijeni katika chembe hai. Katika nyanya mbichi imefungiwa ndani ya kuta za chembe. Nyanya ikipikwa, hasa pamoja na mafuta, kuta hizo hulegea na mwili hufyonza likopini nyingi zaidi. Nyanya ya kopo, iliyokaushwa maji yake mpaka ikawa nzito, huwa na likopini takriban mara kumi ya nyanya mbichi yenye uzito uleule. Hata hivyo hatuli nyanya ya kopo kwa wingi kama tulavyo nyanya mbichi. Kijiko kimoja au viwili hutosha sufuria nzima.

Maharagwe ya kopo nayo huhifadhi protini, nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya madini yake, tena yamekwisha kuiva. Katika nyumba ambayo mkaa ni ghali na maharagwe huchemka kwa saa nyingi kwa sababu ya mwinuko, hilo ni jambo la kuwekwa katika hesabu, ingawa kwa familia nyingi bei ya kopo bado huyashinda maelezo hayo yote.

Kinachoongezeka kwa ubaya ni chumvi. Njegere mbichi zina miligramu 5 tu za sodiamu katika gramu 100. Zile za kopo zilizotiwa chumvi zina zaidi ya miligramu 200. Kwa mtu mwenye shinikizo la damu hiyo si tofauti ndogo. Kuchuja maji ya kopo na kuziosha mboga hupunguza chumvi hiyo, lakini huondoa pia sehemu ya vitamini iliyohamia katika maji. Afadhali kuchagua makopo yasiyotiwa chumvi, au kupika bila kuongeza chumvi nyingine.

SUFURIA YA NYUMBANI

Ikiwa hasara kubwa hutokea jikoni, basi na tiba kubwa imo jikoni humo. Desturi kadhaa zinastahili kuangaliwa upya.

Ya kwanza ni kukatakata mboga kwanza na kuiosha baadaye. Jani lililokatwa limefunguliwa milango mingi, na maji hutoka na vitamini. Yafaa mboga ioshwe ikiwa nzima, kisha ikatwe muda mfupi kabla ya kupikwa.

Ya pili ni kuchemsha mboga kwa maji mengi na kuyamwaga. Mboga chungu kama mnavu mara nyingine huhitaji kufanyiwa hivyo, na kisamvu hakina budi kupikwa vizuri kwa sababu ya sumu iliyomo ndani yake. Mchicha, majani ya maboga na majani ya kunde hayahitaji zaidi ya maji kidogo, kifuniko na dakika chache.

Ya tatu ni kutia magadi ili mboga ibaki ya kijani na maharagwe yalainike upesi. Magadi huondoa asidi, na vitamini C pamoja na vitamini B1 huharibika kwa haraka katika hali hiyo. Rangi nzuri hununuliwa kwa bei ya lishe.

Ya nne ni kupika mboga bila mafuta kabisa. Karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Kijiko cha mafuta, au karanga zilizotwangwa kama zinavyotiwa katika mboga na wengi wa nyanda za juu, hufanya kazi hiyo vizuri.

Hapa hatuna budi kutaja pia njia ya tatu ya kuhifadhi, iliyokuwapo kabla ya kopo, yaani kukausha. Songwe hupata mvua kwa msimu mmoja, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili. Wakati huo mboga hujaa hata kuoza. Wakati wa kiangazi hupatikana kwa walio na vinyungu mabondeni au fedha za kununua. Mboga iliyokaushwa hupoteza karibu vitamini C yote, na ikianikwa juani waziwazi hupoteza karotini nyingi pia. Ikichovywa kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, kisha ikakaushwa kivulini mahali penye upepo, na kuhifadhiwa gizani katika chombo kilichofungwa, hubakiza karotini nyingi zaidi. Madini yake hubaki.

JARIBIO LA DARASANI

Shule yoyote yenye iodini na wanga inaweza kuupima ukweli wa makala haya. Iodini hugeuza wanga kuwa wa buluu. Vitamini C huiondolea iodini rangi hiyo, kwa mujibu wa mlinganyo huu:

C₆H₈O₆ + I₂ → C₆H₆O₆ + 2HI

1. Koroga nusu kijiko cha chai cha wanga wa muhogo au mahindi katika mililita 200 za maji, chemsha, kisha acha upoe kabisa. Rangi ya buluu hupotea wanga ukiwa wa moto, na hilo linaweza kukudanganya.

2. Tia mililita 5 za maji hayo ya wanga katika kila neli ya majaribio, na katika kila neli tia idadi ileile ya matone ya iodini mpaka rangi ya buluu ionekane wazi.

3. Siku ya kwanza pima mafungu matatu ya mchicha yenye uzito sawa. La kwanza liponde siku hiyohiyo. La pili lichemshe dakika kumi, uhifadhi na maji yake. La tatu liache mezani siku tatu, kisha uliponde lote. Usilipime upya baada ya kunyauka, maana limepoteza maji na uzito wake si kipimo tena cha kiasi cha majani.

4. Kila fungu liponde kwa kiasi kilekile cha maji na kulichuja kwa kitambaa safi. Fanya vivyo hivyo kwa njegere mbichi na njegere za kopo, na upime pia maji ya kopo.

5. Tia maji ya mboga tone kwa tone katika neli, ukihesabu, mpaka buluu ipotee. Matone yakiwa machache, vitamini C ni nyingi. Yakiwa mengi, vitamini C ni kidogo.

Kidonge cha vitamini C cha miligramu 100 kilichoyeyushwa katika mililita 100 za maji kitawapa wanafunzi kipimo cha kulinganishia. Mwalimu awakumbushe mambo mawili. Kwanza, vipo vitu vingine katika majani vinavyoweza kuiondolea iodini rangi, na baadhi ya viwanda huongeza asidi ya askobiki katika makopo. Kwa hiyo matokeo ni makadirio. Pili, chochote kilichotiwa iodini kisionjwe.

HITIMISHO NA TAHADHARI

Anayenunua kopo aangalie kwanza tarehe ya mwisho wa kutumia na alama ya Shirika la Viwango Tanzania. Kopo lililovimba, linalovuja, lenye kutu iliyopenya au linalotoa hewa kwa nguvu linapofunguliwa litupwe mahali ambapo watoto na wanyama hawatalifikia, wala lisionjwe, kwa kuwa sumu ya botulini inaweza kuwapo bila harufu. Chakula kinachobaki kihamishiwe katika chombo cha kioo au plastiki, kwa maana asidi ya nyanya huweza kuyeyusha bati la kopo lililo wazi.

Ndugu msomaji, tukirudi katika swali letu, jibu la sayansi ni hili. Mboga iliyochumwa karibu, ikaliwa mapema na kupikwa kwa muda mfupi na maji kidogo, haina mshindani. Mboga ya kopo huifuata kwa karibu kuliko wengi wanavyodhani, na huipita ile iliyozeeka sokoni au iliyochemshwa mpaka ikapoteza nguvu yake. Kwa mwenye bustani huko Ileje au Momba, kununua njegere za kopo ni kuitupa fedha yake. Kwa mgonjwa au msafiri aliye mbali na shamba, au kwa shule ya bweni wakati wa kiangazi, kopo si la kudharauliwa.

Vitamini haionekani kwa macho, na ndiyo maana upotevu wake haumsikitishi mtu kama upotevu wa debe la mahindi. Kazi ya mwalimu na mwanafunzi wa sayansi ni kuufanya upotevu huo uonekane: kwanza katika neli ya majaribio, halafu katika jiko la nyumbani, ambako mtoto wa chini ya miaka mitano hungoja sahani yake bila kujua mboga yake imetoka wapi wala imepoteza nini njiani.